Jaribio Lisilowahi Kulia

Tak. Tak. Tak.

Kulikuwa bado giza, na swichi ya jiko la gesi ilikuwa inabonyezwa jikoni. Kila mbonyezo ulifuatwa na kimya kifupi, kisha mwingine, na moto haukushika. Mkwe alijitoa shukani akaenda kutazama. Alimkuta baba mkwe wake amesimama mbele ya jiko, amevaa shati la kazini, vifungo vyote mahali pake, sufuria ya maji iko tayari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Jiko limekufa hili."

"Mtungi umefungwa, baba."

"Nani kaufunga?"

"Wewe mwenyewe, jana. Hulali mpaka uufunge."

Mzee akaduwaa kidogo, halafu uso ukachangamka. "Basi huyo mtu ana akili. Tumwombee maisha marefu."

Wakacheka. Mkwe akafungua mtungi, akawasha, wakanywa chai wamesimama, kila mmoja akimwachia mwenzake kiti kimoja kilichokuwa jirani na jiko, kwa sababu asubuhi zilikuwa za baridi. Hakufikiri sana juu ya mtungi. Mtu mzima husahau mtungi.

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu. Mume wa Mkwe alikuwa fundi wa majenereta mgodini, mbali, na alirudi pale mgodi ulipomruhusu. Mke wa mzee alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo baba mkwe na mkwe walikaa pamoja, walikula pamoja, na ajabu zaidi, walifanya kazi ofisi moja. Kule hakuna aliyewaita kwa majina. Mzee alikuwa Mzee Vunja. Yeye, kwa kuwa aliletwa kazini na baba wa mumewe, walimwita Mkwe, na jina likaganda.

Ofisi yao iliandika programu za mashine za hospitali, zile zinazowekwa kando ya kitanda kusoma mapigo ya moyo na hewa iliyomo kwenye damu. Kazi yenyewe mtu anaweza kuieleza huku anamenya viazi. Mashine husoma, na inachosoma hugeuzwa kuwa namba ndogo ndogo ziitwazo baiti, ambazo haziwezi kushuka chini ya sifuri wala kupanda juu ya mia mbili hamsini na tano. Namba hizo haziwezi kutembea zenyewe. Zinahitaji chombo cha kuzibeba, nacho pia ni kipande cha programu. Chombo hicho kinaweza kuzaliwa kwa njia nne. Kinazaliwa kitupu. Au kinazaliwa na ukubwa uliotajwa, kimejaa sifuri. Au kinazaliwa na namba zake tayari tumboni. Au kinazaliwa nakala ya chombo kingine.

Kila njia ya kuzaliwa huandikiwa jaribio. Jaribio ni programu fupi inayokizaa chombo, inachungulia ndani, na kulinganisha ilichokikuta na kile mtu alichosema kinapaswa kuwemo. Vikilingana, kioo kinaonyesha kijani. Visipolingana, nyekundu. Nyekundu hiyo pale ofisini waliiita kulia.

Mzee Vunja ndiye aliyeweka desturi mbili za ofisi ile, na aliwakaririsha wote mpaka wakawa wanazisema usingizini. Ya kwanza, anayeandika chombo asiandike jaribio lake. "Nyani haoni kundule," alikuwa akiwaambia wageni siku ya kwanza, "na hapa sote ni nyani, hata meneja." Ya pili ndiyo iliyompa jina. Jaribio likishaandikwa, alikivunja chombo kwa makusudi, aone kama jaribio litalia. "Jaribio ambalo hujalisikia likilia, usiliamini. Mtoto asiyelia kabisa usiseme mtulivu. Mpeleke kwa daktari." Na wenzake walimtania kwamba Mzee Vunja akikukaribia, ficha kikombe chako.

Mwaka ule walikuwa wanakiandika chombo upya. Mkwe alikiandika chombo, mzee akaandika majaribio ya njia zake nne. Kijani, kijani, kijani, kijani. Meneja akafurahi. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, wengine wamesinzia kwenye viti, Mkwe alipokumbuka kwamba mzee hajamwambia kama amekwisha kuvunja. Akamtazama. Mzee alikuwa anafuta miwani kwa pindo la shati, taratibu, muda mrefu.

Basi akavunja yeye. Akakifanya chombo kitupu kizaliwe na takataka ndani. Kijani. Akakifanya chombo cha sifuri kizaliwe kimejaa saba. Kijani. Akaiharibu nakala kabisa, isibebe chochote. Kijani.

Akafungua majaribio ya mzee akayasoma, na hakuhitaji kusoma mbali. Pale ambapo mtu anatakiwa kuandika kwa mkono wake kile kinachopaswa kuwemo chomboni, mzee hakuandika. Aliandika kwamba chombo kiulizwe. Jaribio lilikiuliza chombo, "Una nini ndani?", likapokea jibu, halafu likakiuliza tena chombo kilekile na kulinganisha majibu mawili. Bila shaka yalilingana. Kesi ya nyani ilikuwa imepelekwa kwa ngedere. Na kosa hili, mtu yeyote pale angeweza kulifanya wiki yake ya kwanza kazini, isipokuwa Mzee Vunja.

Hakusema kitu mbele za watu. Alingoja wakafika nyumbani, akamwandalia mzee maji ya kunawa, akakaa mezani mbele yake.

"Baba, yale majaribio ya chombo."

"Yana nini?"

"Hayalii."

Mzee aliangalia mikono yake. Mkwe alimwona akitafuta mzaha, akakosa.

"Najua," mzee akasema mwishowe. "Mama, nikuambie, lakini usimwambie mumeo, atakuja mbio aache kazi. Nikiandika mstari wa kwanza najua ninachotaka. Chombo hiki kiwe na tatu, tisa, arobaini. Nikishuka mstari wa pili, wa kwanza umeshanitoka. Narudi kuusoma. Nikishuka tena, umetoka. Siku nzima napanda na kushuka kama mtu aliyesahau ufunguo. Nikaona, kwa nini nisikiulize chombo chenyewe? Chombo kinakumbuka."

Maji ya kunawa yalikuwa yamepoa. Mkwe aliyachukua akaenda kuyapasha tena, si kwa sababu yalihitaji, ila apate kugeuza mgongo.

"Tangu lini, baba?"

"Hilo nalo nimesahau," akasema, na safari hii mzaha ulipatikana, lakini haukumchekesha mtu.

Mkwe alijua kinachopaswa kufanywa. Meneja aambiwe, mzee apumzike, majaribio yaandikwe na mtu wa tatu. Lakini alimjua mzee pia. Mtu huyu ndiye aliyemfundisha kazi alipokuwa mke mgeni asiye na cheti, alimkalisha kando yake, hakumkaripia hata siku moja, na alipokosea mbele ya watu alisema, "Mimi ndiye niliyemwelekeza hivyo." Siku ambazo hakwenda kazini, mzee alizunguka nyumba akigusa vitu. Ofisi ndiyo iliyokuwa imemshika kama kamba inavyoshika hema. Ukiikata, je?

"Nitayaandika mimi," akasema. "Jina libaki lako. Hakuna atakayejua."

"Na desturi yetu?"

"Mara hii tu, baba."

Mzee alimtazama kwa shukrani iliyomuumiza zaidi kuliko kama angemkatalia.

Akayaandika. Aliandika kwa uangalifu kuliko siku zote. Chombo kitupu kisiwe na kitu. Cha ukubwa uliotajwa kiwe sifuri tupu. Cha namba kizibebe kwa mpangilio wake. Nakala ifanane na chombo cha kwanza, baiti kwa baiti. Akakivunja chombo kila upande, na kila alipokivunja jaribio lililia. Akaridhika. Akayaweka kwa jina la mzee, na chombo kikaenda hospitalini.

Lakini jicho lililopitwa na kosa mara ya kwanza hupitwa tena, maana ni lilelile. Alipoandika chombo, Mkwe alidhani ameipa nakala mahali pake yenyewe ndani ya mashine. Hakuipa. Aliipa tu anwani ya mahali pa chombo cha kwanza. Vikawa vyombo viwili, majina mawili, tumbo moja. Ukivilinganisha, vinafanana, vitaachaje kufanana? Ili kosa lionekane ilibidi mtu abadilishe nakala, kisha arudi kutazama kile cha kwanza kama kimebaki salama. Jaribio hilo hakuliandika. Wala halikumjia akilini, kwa kuwa moyoni mwake nakala ilikuwa ni nakala.

Wodi ilikuwa na kioo kimoja kwenye meza ya wauguzi, kinachoonyesha vitanda vyote. Ili kumwandaa mgonjwa wa kitanda cha pili, programu ilichukua nakala ya chombo cha kitanda cha kwanza na kuijaza namba za wa pili. Kwenye kitanda cha kwanza, karibu na dirisha, alilala mama mmoja mshonaji, aliyekuja na maradhi ya mapafu. Kwenye cha pili alilala msichana aliyevunjika mguu, mapafu yake mazima kabisa. Namba za msichana zikaingia kwenye tumbo lile moja. Kioo kikasema mshonaji anapumua kama msichana, na kengele ambayo ingelia hewa ikipungua ikanyamaza.

Aliyegundua ni muuguzi aliyekuwa anapita na jagi la maji. Hakuwa anakwenda kwake. Aliona mkono wa mshonaji umening'inia nje ya shuka, akainama kuurudisha ndani, kwa huruma tu, akaona kucha zimekuwa za bluu. Akaangusha jagi akaita watu.

Mshonaji hakufa. Lakini ubongo ulikuwa umekosa hewa muda mrefu, na alipofumbua macho hakumtambua mtu, wala hakusema neno.

Ofisini walikutana watatu kwenye chumba cha mikutano: meneja, Mkwe, na mzee. Meneja alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, na siku ile ilikuwa chini zaidi. Alimvutia mzee kiti kwanza, akamsogezea glasi ya maji, ndipo akaiweka programu ukutani kwa herufi kubwa.

"Mzee, haya majaribio yana jina lako. Sitaki kumshtaki mtu. Nataka kuelewa. Hapa palikosekana nini?"

Mkwe alitaka kusema. Mzee akamtangulia.

Mzee alivaa miwani. Akasoma. Na kadiri alivyosoma, mgongo ulinyooka, akawa Mzee Vunja wa zamani, kidole hewani.

"Hajaitia nakala chumvi," akasema.

"Sijakuelewa."

"Ukipakua mchuzi kwenye bakuli mbili, unajuaje kama ni bakuli mbili kweli? Tia chumvi moja, onja ya pili. Huyu kazitazama tu kwa macho, kaona rangi moja, kaondoka. Ilitakiwa abadilishe nakala, arudi kwa ya kwanza." Akatikisa kichwa. "Tena huyu aliyeandika jaribio ndiye aliyeandika chombo. Tazama. Mkono ni mmoja. Majina anayovipa vitu, namna anavyoacha nafasi. Nani kamruhusu? Si tulikatazana?"

Meneja alisogelea ukuta, akaweka kidole kwenye jina.

"Mzee," meneja akasema polepole, "jina ni lako."

Mzee alitazama jina. Kisha akageuka akamtazama Mkwe, na Mkwe hakuinamisha uso kwa wakati. Kitu kikapita machoni mwa mzee. Kama alikuwa amekumbuka, au ameelewa tu, au amesahau hata alichokuwa anasema, Mkwe hakujua siku ile na hakujua kamwe.

"Kama jina ni langu, basi ni mimi," mzee akasema. "Msimtafute mwingine. Mimi ndiye niliyemwelekeza."

Hapo ndipo Mkwe alipolia, na sauti ikatoka pamoja na kilio. "Hapana, baba. Si yeye, meneja. Chombo niliandika mimi na majaribio niliandika mimi. Ya kwake hayakuwa yanalia. Nilifuta nikaandika yangu nikayapa jina lake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu anasahau. Ungemrudisha nyumbani."

Meneja aliegemea kiti akafunika macho kwa viganja. "Ningemrudisha, ndiyo," akasema. "Na yule mama angekuwa anashona."

Hakusema kwa ukali. Neno lingekuwa jepesi kama angelisema kwa ukali.

Mzee alirudishwa nyumbani wiki ileile. Wenzake walimsindikiza mpaka langoni, na mmoja akambebea mkoba ijapokuwa ulikuwa hauna kitu. Mkwe alisimamishwa kazi. Meneja alimwandikia mumewe kwa mkono wake kumweleza kwamba mkewe alisema kweli mwenyewe, hakulazimishwa.

Mumewe alipiga simu jioni.

"Ulikuwa unajua baba anaumwa, ukanyamaza?"

"Aliniomba."

"Na mimi ni nani? Mpita njia?"

Mkwe alisikia majenereta yakinguruma nyuma ya sauti yake, na mumewe akauliza, kwa sauti nyingine, "Amekula?"

"Amekula."

"Na wewe?"

Hakuwa amekula. Mumewe alingoja kwenye simu mpaka akachukua kipande cha mkate akakitafuna, amsikie.

Mkwe alikwenda wodini mara moja. Hakuna aliyemtuma. Binti wa mshonaji alikuwa anamchana mama yake nywele, kwa subira, akishika shina la nywele ili zisimvute. Alimpa mgeni kigoda kabla ya kumuuliza ni nani. Mkwe akaketi akasema ni nani. Akaeleza yote, hakupunguza. Binti hakuacha kuchana.

"Nimekusikia," akasema mwishoni. "Sina la kukupa. Nenda sasa."

Akaenda. Mlangoni yule muuguzi wa jagi alimgusa bega.

Nyumbani mambo yaliharibika upesi, kama alivyohofu. Bila ofisi, mzee alivaa shati la kazi kila siku na kutoka, na alirudishwa na watu asiowajua kutoka mitaa asiyoijua. Mara akaungua mkono. Dada yake, Shangazi wa mumewe, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, akaja na gari la kukodi.

"Huyu ni wa tumbo moja nami," akasema. "Nyumba yangu imejaa watu, hata akitoroka atajikwaa kwa mtu. Na wewe mwanangu umekonda kama fimbo. Acha nimbebe."

Mkwe alifunga mashati ya mzee moja moja, akayapanga sandukuni kwa namna anayopenda, kola juu. Mzee alisimama kando akimshukuru kila shati, kama anavyoshukuriwa mtu baki.

Alimtembelea Jumapili. Kwa Shangazi kulikuwa na kelele za redio na watoto, na mzee alikuwa ukumbini kwenye kiti chenye mto, amenyolewa vizuri. Shangazi alikuwa amemfunga kitambaa shingoni asichafue shati. Mkwe aliketi chini, karibu na miguu yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, marahaba. Karibu. Wa wapi wewe?"

"Wa hapahapa, baba. Nimekuja kukuona."

"Umefanya vizuri." Alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni ambaye mtu hataki kumuudhi. "Umepewa chai? Dada! Mgeni hajapewa chai!"

"Anayo mkononi, kipofu we," Shangazi akajibu kutoka jikoni.

Mzee akacheka. Walikaa. Mkwe alimmenyea chungwa, akatoa kokwa moja moja, akampa vipande, naye akala huku akimrudishia kimoja kila alipokula viwili.

"Mimi nina mkwe wangu," mzee akaanza ghafla, akiinama kama anayetoa siri. "Tunafanya kazi pamoja. Mtoto yule ana mikono safi, ukimwelekeza jambo mara moja basi. Lakini siku hizi simwoni. Nadhani nilimkosea."

"Hukumkosea, baba."

"Wewe unamjua?"

"Namjua."

"Basi alinikosea yeye, anaogopa. Watu wakikosa hukimbia." Akafikiri, akipangusa vidole kwenye kitambaa cha shingoni. "Mwambie mimi sikumbuki hata kosa lenyewe. Hilo ndilo zuri la maradhi haya."

Mkwe alikusanya maganda ya chungwa kwenye kiganja. Alikuwa anajua kwamba mahali pengine kuna mtu mwingine asiyekumbuka, karibu na dirisha, na kwamba kule hakuna aliyemwambia yeye, Mkwe, jambo kama hili, wala hakustahili kuambiwa. Akaliacha neno la mzee likae alipoliweka. Jua lilipopungua ukumbini akasimama, akamrekebishia mto mgongoni, akaaga.

Mzee alimshika mkono, hakuuachia mara moja.

"Utamwona lini huyo mkwe wangu?"

"Leo leo, baba."

"Mwambie aje," akasema mzee. "Na wewe usijifiche nyuma yake. Una maneno machache, lakini unamenya chungwa vizuri. Uje tena, mama. Sawa? Uje tena."